Saa Iliyorudishwa Dukani

Monika aliitambua kabla Nassib hajaifuta vumbi. Bibi huyo na mjukuu wake Flora walikuwa wameingia dukani kutafuta saa ya ukutani tu, lakini macho yake yaliganda juu ya kasha lililofunguliwa. Ilikuwa saa ya mkononi ya aina ileile waliyovalishwa makarani sita wa mizani, siku kiwanda cha kuchambulia pamba kilipowapongeza kwa miaka kumi na mitano ya utumishi. Yeye, karani wa saba na mwanamke pekee, alipewa kitenge.

"Saa zimepungua, Mama Monika," meneja Januarius alimwambia siku ile mbele ya watu, naye akaamini. Aliamini kwa miaka thelathini na sita.

"Haijawahi kuvaliwa, mayu, mama yangu," alisema Nassib, aliyelirithi duka hilo la Bariadi kutoka kwa baba yake. "Inatiwa ufunguo, haitaki betri. Wateja wanaipenda usoni, wakiigeuza, wanairudisha. Nani avae maandishi ya kiwanda?"

Monika aliigeuza. Mgongoni palichongwa: *Karani wa Mizani, Miaka Kumi na Mitano.*

"Si wewe huyu, bibi?" Flora alikuwa amekwisha kumfunga saa mkononi. "Tazama ilivyokukaa! Nassib, punguza bei. Umekaa nayo mpaka inataka kuota mvi."

"Dada, nikipunguza tena, itabidi nikulipe wewe uichukue."

Monika hakucheka. Saa ilikuwa inatembea mkononi mwake, na kwa kitambo kidogo aliitamani kama mtoto. Ndipo alipoiona kadi chini ya kasha, kwa mwandiko wa marehemu baba yake Nassib: *Moja kati ya saba. Imerudishwa na Bwana Januarius. Asema mwanamke atatosheka na kitenge.*

Aliisoma mara mbili.

"Kumbe hazikupungua!"

Flora aliichukua kadi, akaisoma. Kisha akafungua pochi. "Niache nikununulie, bibi. Iwe yako hatimaye."

"Ni yangu tangu siku ile! Nilisimama kwenye mizani hiyo na mimba ya mama yako tumboni. Wakulima wa Ngulyati walipanga foleni kwangu kwa sababu sikuwapunja hata kilo moja. Leo nijinunulie zawadi yangu mwenyewe? Nifungue!"

Flora alimfungua. Alama ya mkanda ilibaki kwenye ngozi.

"Kwa hiyo huichukui, mayu?" Nassib aliuliza kwa unyonge.

"Niandikie bei kwenye karatasi. Bei kamili. Ukipunguza hata senti, tutagombana mimi na wewe."

Jumapili, Januarius, ambaye sasa alitembelea fimbo, aliketi benchi la mbele ya Monika kanisani kama ilivyokuwa kawaida yake. Kila Jumapili walipeana mkono wa amani. Monika alipoikumbuka mikono yote hiyo, aliitoa ile karatasi ya bei. Padri alipowaalika waumini kutakiana amani, mzee aligeuka, akanyoosha mkono huku akitabasamu.

Monika alimwekea karatasi kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Hiyo ndiyo bei ya saa yangu," alisema, na mabenchi matatu yakasikia. "Iko kwa Nassib. Hazikupungua, Januarius. Utakapoileta, ndipo utakapoupata mkono wangu."

Akaketi, wengine wote wakiwa bado wamesimama.