Kutaja Kilicho Mbele

Nimechoka kuieleza habari hii, lakini wanawake wa sokoni wanaieleza vibaya, bora niieleze mimi.

Rodwell alikuwa dereva wa pikapu iliyobeba samaki wangu kutoka Nchelenge kwenda Mwansabombwe, huku Zambia. Dereva mzuri, ila macho yake yalitembea kuliko gari. Mimi, Jeanine, Mkongo wa Pweto, nilikaa kando yake nikipiga kelele "Angaria! Angaria!" kwa kila mbuzi na kila baiskeli. Siku moja, mwaka wa tisini na nane, akasimamisha gari karibu na Mofwe.

"Ba Jeanine," akaniita kwa heshima ya kwao, "minachoka. Kama niko naona, unalalamika. Kama sioni, unalalamika na sauti ile ile. Mi nitajua aje?"

Ilinikera kwa sababu ilikuwa kweli. Kelele isiyokwisha husikika kama kimya tu. Tukapatana: akiwa anatazama barabara, nigonge dashibodi mara moja, basi. Macho yakiwa yametoroka, nitaje kwa sauti kilicho mbele: mbuzi, baiskeli, mutoto. Nikitaja tu, mguu wake ulishuka kwenye breki kabla hajageuka kutazama. Miezi minne hatukugusa hata kuku. Nikajiona mjuzi, Mungu anisamehe.

Siku yenyewe nilikuwa nimetoka kisiwa cha Chisenga, siku tatu sijalala vizuri, boti imenivunja mgongo. Turubai lilikuwa linapepea nyuma, na Rodwell alikuwa analitazama kwenye kioo cha pembeni. Mbele yetu mama mmoja akaingia barabarani na beseni la mihogo kichwani. Nikamtambua: mama mzazi wa Luse, yule Luse aliyeolewa na Rodwell.

Sasa, huku kwa Wabemba, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni mpaka wakwe wampikie karamu ya kumkaribisha rasmi. Rodwell alikuwa hajapikiwa. Wakikutana njiani, yeye hugeuza uso na kumpisha. Hilo nililijua vizuri, nililiona mara nyingi na kulicheka.

"Mama mukwe!" nikapiga kelele.

Akageuza uso kuelekea ziwani. Haraka, kwa adabu, kama alivyolelewa. Mguu ukabaki palepale.

Ningesema "mutu" tu, angefunga breki. Watu husema ajali haina kinga. Sisi tulikuwa nayo, na ndiyo iliyomgonga.

Hospitalini walimfunga mama plasta ya mguu tangu pajani hadi kwenye kisigino. Rodwell alikaa nje kwenye nyasi, analia, hawezi kuingia hata kuomba msamaha, maana uso wa kuombwa ndio uso asioruhusiwa kuuona. Nikaingia mimi kwa niaba yake.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kiswahili alikijua kile cha kuuzia samaki.

"Aligeuza uso?"

"Aligeuza, mama."

"Basi iko na heshima." Akajaribu kuusogeza mguu, akashindwa, akafumba macho kidogo. "Lakini ile saa alikuwa anaangaria nyuma. Nilimuona. Nani alimuambia ni mimi?"

Nikatazama mlango. Hakuna aliyekuwa anakuja.

"Ni miye, mama."