Kifuniko Kilichopanda Angani

Kwa miaka arobaini mzee alipiga picha za pasipoti, za harusi na za watoto wasiotulia, na hakuna lenzi yake hata moja iliyopata mkwaruzo. Ukimaliza, funika: hiyo ndiyo ilikuwa dini yake ya kazini. Kifuniko chenyewe alikifunga kwa uzi kwenye kamera, na ndani yake akaandika MALI YA STUDIO, maana wapiga picha wenzake, Mungu awasamehe, walikuwa na mikono mirefu.

Bintiye hakurithi studio. Alisomea mambo ya anga, na sasa alirusha maputo ya kisayansi kilomita thelathini juu yakaipige picha Dunia. Mawili yalikwisha kurudi na picha za ukungu mtupu. Mkuu wa kituo chao cha utafiti akamwambia la tatu ndilo la mwisho. Likishindwa, mradi unafungwa. Binti akaenda kuazima ile kamera nzito ya mwisho ya studio.

"Baba, lenzi uisafishe wewe mwenyewe. Wengine siwaamini."

Asubuhi ile uwanjani, mzee aliipangusa lenzi taratibu kama anayemnawisha mtoto uso. Kamera ilifungiwa ndani ya sanduku la kuning'inizwa chini ya puto, lenzi ikitazama chini kupitia tundu, na hakuna aliyeinama kuchungulia. Puto likapaa, watu wakashangilia. Mzee naye alikuwa katikati ya makofi alipoukumbuka mlio mdogo: tak. Alikuwa amemaliza, akafunika.

Garini, wakilifuata puto, alishindwa kuvumilia.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita bintiye tangu azaliwe, "nimekuharibia."

Binti alimtupia jicho. "Umefunika?"

"Nimefunika."

Machozi yakamlengalenga binti. "Kosa langu, Baba. Nakujua tangu nizaliwe. Ningekagua."

Maneno hayo yalimuuma mzee kuliko matusi.

Sanduku walilikuta kwenye shamba la mahindi, limelala ubavu, kifuniko kikining'inia kwenye uzi wake. Kimechomoka lilipoanguka, mzee aliwaza. Binti akafungua kompyuta juu ya boneti. Picha ya kwanza nyeusi. Ya hamsini nyeusi ti. Ya mia na kumi na mbili, Dunia: buluu, imepinda, mawingu yametawanyika juu yake. Na pembeni kabisa kifuniko, maandishi yakisomeka vizuri.

"Huko juu hewa ni nyembamba," binti alisema. "Ile iliyobaki ndani ya kifuniko imekisukuma mpaka kikabanduka."

"Hapo pembeni nitapaondoa kwenye picha, mama. Mkuu wako asipaone."

"Nimeshamtumia."

Simu ikalia. Binti akasoma ujumbe, akacheka huku akijifuta machozi. "Anasema mradi unaendelea. Ila anauliza Dunia imekuwa mali ya studio gani."

"Utamjibu nini?"

"Ya baba yangu."

Mzee aliichukua kamera, akaipangusa lenzi, akaifunika.