Siku Milima TV Ilipokata Mechi

Milima TV ilianzia nyuma ya duka la Athumani Shekivuli, Lushoto mjini, enzi ambazo watu walikuwa wanapanda juu ya bati kugeuza antena. Athumani aliuza madishi. Akavuta waya kwenda kwa jirani, kisha mtaa mzima, mwisho akasimamisha mnara mlimani na kumwajiri Loveness, mwalimu wa chekechea mwenye sauti nzito, asome habari: bei ya viazi, basi lililokwama kwenye kona za kushukia Mombo, misiba. Watu walimpenda kwa sababu alisoma majina ya marehemu taratibu, kama anayewajua wote.

Ilipokuja mitambo ya dijitali, Athumani hakuiweza peke yake. Akajiunga na mtandao mkubwa wa televisheni wa Dar es Salaam. Tangu hapo Milima TV ilirusha tamthilia, mahubiri na mpira kutoka Dar kutwa nzima, ikabakiwa na nusu saa yake jioni. Kila mfanyakazi mpya aliambiwa jambo moja kabla ya kuonyeshwa kiti chake: matangazo ya Dar hayakatwi.

Mwaka huu masika yalikuja na hasira. Jumamosi ya mechi ya watani wa jadi, mpiga picha wao, Zuberi, alikuwa Kwemtindi, kijiji kilichokaa bondeni kabisa, akipiga picha za kabichi zilizosombwa. Loveness alizaliwa Kwemtindi. Mama yake alikuwa bado anaishi huko.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza Zuberi alipopiga simu.

"Dada, mto umekauka."

"Umekaukaje na mvua hii?"

"Ndiyo nakuambia! Asubuhi ulikuwa umefurika, sasa hivi yanaonekana mawe matupu. Nimepanda kuangalia huko juu. Kuna ufa, dada, mguu unaingia mpaka gotini. Migomba yote imelala."

Loveness alielewa: mlima ulikuwa umeanza kumeguka na kuuziba mto huko juu. "Waambie watu watoke."

"Nimewaambia. Wamejazana kibanda umiza cha Timotheo kuangalia mpira, wananizomea niwapishe, nawaziba. Mwenyekiti wa kijiji yumo humo humo. Wanatuangalia sisi, dada. Wanaangalia Milima."

Simu ikakatika. Alipiga tena, haikupatikana. Simu ya mama yake ilikuwa imezimwa. Simu za ofisi za wilaya zilikuwa zinatumika muda wote. Akapiga Dar. Mtu wa zamu alimsikiliza, nyuma yake mtangazaji wa mpira akipiga kelele.

"Mechi ina wadhamini, dada yangu. Tuma picha, tutaziangalia kwa taarifa ya saa mbili."

Loveness aliingia chumba cha mitambo. Athumani alikuwa peke yake mbele ya skrini, kikombe cha chai mkononi.

"Mghosi," alimwita kwa heshima ya Kishambaa, "kata mechi."

Alimweleza. Mzee alikiweka kikombe chini.

"Na kama mlima haushuki?" aliuliza. "Watu wakimbie kwenye utelezi ule, watoto wakanyagwe, kisha mlima usishuke. Nani atajibu?"

Hilo ndilo lililokuwa linamtisha hata Loveness. Alimwona mama yake akiteleza njiani kwa sababu ya maneno yake, na alimwona mama yake akiwa ameketi jikoni mlima ukija. Hakujua lipi ni lipi.

"Sijui, Mghosi. Mimi naogopa tu."

Athumani alimtazama, kisha akanyoosha mkono akakata mechi mwenyewe.

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Loveness aliketi bila kuchana nywele, akashika ukingo wa meza.

"Hapa ni Milima TV. Ninyi mlioko Kwemtindi, tokeni sasa hivi. Pandeni upande wa kanisani, msipite mtoni. Mlima umepasuka juu yenu."

Sauti haikuwa kama yake. Aliwaza wanaume wale wanavyolaani skrini, na vikongwe wanaokisikia Kiswahili kama lugha ya serikali tu. Ndipo akageukia Kishambaa. Athumani alifunika uso kwa viganja, kwani leseni ilitaka Kiswahili au Kiingereza. Loveness aliita kwa jinsi mtu anavyoita kutoka shamba hili hadi lile, akataja koo, akataja nyumba moja baada ya nyingine, akamtaja mama yake. Alikuwa bado anaita umeme ulipokatika.

Wakabaki gizani wakisikiliza mvua. Jenereta halikushika. Hawakujua maneno mangapi yamefika, wala kama yamefika. Baada ya muda vioo vya dirisha vilianza kutetemeka, kama vile lori zito linapita nje. Loveness alichungulia. Barabara ilikuwa tupu.

"Yarabi," alisema Athumani.

Walikwenda na gari mpaka barabara ilipoishia, kisha kwa miguu, Loveness mbele, akianguka na kuinuka. Kwenye uwanja wa kanisa la Kilutheri waliwakuta watu wamelowa, wamesimama, wote wakiangalia chini. Kwemtindi haikuwepo. Palikuwa na udongo mwekundu uliokuwa ukiendelea kusogea polepole.

Mama yake alikuwa amekaa ngazini, amefunikwa koti la Zuberi. Loveness alipiga magoti, akamshika miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto wa jirani alikuja mbio akasema unaniita kwenye televisheni," alisema mama. "Nikafikiri umepatwa na balaa."

Kule kibandani wanaume walikuwa wametaka kumpiga Zuberi mechi ilipokatwa, wakidhani amechezea waya. Ni Timotheo, mwenye kibanda, aliyesikia vizuri. Alishika ubao akawafukuza wateja wake nje kama ng'ombe. Wote walipofika kanisani alirudi kuchukua jenereta lake. Hakuonekana tena.

Saa mbili Dar walionyesha picha za Zuberi. Jumatatu walipiga simu kuvunja mkataba. Siku hizi Milima TV imerudia waya wake wa mtaani, wengine wanaitazama kwenye simu zao, na watazamaji ni wachache.

Jumatano ya wiki ile Loveness alirudi kusoma misiba. Jina lilikuwa moja tu. Alilisoma, kisha akashindwa kuendelea, na Athumani hakumharakisha. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na mama yake, aliyeletwa studio kwa sababu hakutaka kukaa nyumbani kwa Loveness peke yake, alisogeza kiti karibu na mlango.