Doa Jekundu la Nang'oma

Mgambo wawili walimtoa Bibi Katarina ndani pamoja na kitanda chake cha kamba. Mlango ulikuwa mwembamba. Wakakiinamisha kitanda ubavu, na kikongwe yule aliyepooza upande mmoja akaporomokea kizingitini. Hakuna aliyemwomba radhi. Binti yake, Restuta, alimwinua, akamfunga kanga vizuri.

"Nyamaza, mama," alimwambia. "Serikali imetuwahi kabla ardhi haijatumeza."

Naye alikuwa akiamini. Mtaa mzima wa Nang'oma, kule mlimani ukishapita Rasbura, ulikuwa umeamini. Bwana Nikodemu, afisa ardhi, aliwaonyesha picha iliyopigwa usiku na setilaiti, chombo kinachopita juu angani kikipima joto la ardhi. Pwani yote ilikuwa ya buluu, ila juu ya mlima wao palikuwa na doa jekundu kama donda bichi. Joto lile, alisema, ni pumzi ya tetemeko linalokuja.

Aliyeileta picha alikuwa Valerian, kijana mtaalamu wa miamba kutoka Dar es Salaam. Alisimama kando ya gari akitazama mapaa yakibomolewa. Restuta akamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Litakuja lini?"

Valerian alimtupia jicho afisa kwanza. "Joto peke yake halisemi lini, mama. Wala halisemi kama litakuja. Kuna mahali ardhi ilipata joto kabla ya tetemeko, na kuna mahali ilikuwa kiangazi tu, au moto wa mashamba. Inabidi tulinganishe na picha za miaka ya nyuma, na vipimo vya..."

"Mtaalamu," Nikodemu alimkatiza, akitabasamu, "kibali cha mradi wako kinatoka kwa nani?"

Valerian akainama kufunga kamba za viatu vyake, ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Umemsikia, mama," Nikodemu alisema. "Ardhi inachemka. Pandeni lori."

Waliteremshwa nje ya Mingoyo, kwenye mbuga isiyo na kisima, wakapewa maturubai. Mvua zilipoanza, maji yalipita chini ya kitanda cha Bibi Katarina, na mgongo wake ukaota vidonda ambavyo Restuta aliviosha kwa maji ya chumvi, kikongwe akiuma kanga asipige kelele.

Ndipo redio ikatangaza: wataalamu wamelinganisha picha. Joto lilikuwa la mashamba yaliyochomwa. Dalili ya tetemeko haikuonekana. Watu walipiga vigelegele, wakaanza kufunga mizigo. Restuta akatangulia ofisini kwa Nikodemu.

"Tumesikia, mzee. Tunarudi kwetu."

"Kwenu wapi? Pale ni eneo la hatari."

"Si wamesema hatari hakuna?"

"Ya leo hakuna. Ya kesho unaijua wewe?"

"Mbona kuna mwekezaji anajenga hoteli pale pale kwetu?"

Nikodemu alicheka bila hasira, kama anayemfundisha mtoto. "Siku hizi ni soko huria, mama. Yeye anajenga kwa nondo, nyie mnajenga kwa udongo. Tetemeko linachagua."

Bibi Katarina alikufa mvua hazijaisha. Ombi lake lilikuwa moja tu: alazwe kando ya mumewe, Leonadi, mlimani. Restuta na wanawake wenzake walilibeba jeneza hadi Nang'oma, wakakuta uzio wa mabati na lango. Mlinzi alikuwa Likwata, jirani yao wa zamani, ndani ya sare mpya.

"Dada, usinitie matatani," alisema kabla hajaulizwa.

"Namzika mama. Kaburi la baba limo humo ndani."

"Lilikuwemo."

Restuta hakuelewa. Nyuma ya lango katapila lilikuwa likiguruma.

"Wanachimba bwawa la kuogelea," Likwata alisema, macho yake yako kwenye buti zake. "Udongo wote wanaumwaga kule chini, kwenye kona. Mtafuteni huko."

Wakashuka na jeneza. Kwenye kona kifusi kilikuwa kimepanda juu kuliko paa la kanisa: udongo mwekundu, mizizi ya mikorosho, vipande vya matofali. Restuta alikizunguka kizima, akasimama na jembe mkononi, hajui aanzie upande gani. Nyuma yake lori lilipiga honi. Lilikuwa limejaa, linataka kumwaga.