Msimu wa Nyasi Kuchanua

Kata ilinipita.

Tulikuwa wanawake tisa kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu, pale Mkumbi. Majembe tulikuwa tumeyalaza, migongo inatuuma, na ndoo ya pombe ya ulezi imekaa kwenye kivuli cha mibuni. Siku ya ngokela, mnapomlimia mwenzenu kwa zamu, pombe hunywewa kwa kata moja: anayemaliza anampa aliyekaa kuliani kwake, basi. Mama Victor, aliyekaa kushotoni kwangu, alikunywa, akajifuta midomo, akapitisha mkono juu ya magoti yangu na kumpa wa upande wa pili. Ndipo mama mkwe, Tadea, akatoa kapuni kifuniko cha bluu cha chupa ya chai, akakimiminia pombe na kukiweka chini mbele yangu, kama mtu anavyomwekea mbwa wa jirani.

"Hicho ni chako," alisema. "Ukimaliza usikirudishe kwenye kapu."

Nilitaka kumjibu. Jibu nilikuwa nalo tangu asubuhi, limeiva. Nilipofungua mdomo zikatoka chafya, saba kwa mpigo, na wale wanawake wote wakageuza nyuso upande mwingine kwa pamoja. Pombe ile sikuinywa. Niliimwaga pale pale mbele yao, nikachukua jembe langu na kurudi kulima peke yangu.

Watu hudhani chafya ni jambo dogo. Unapiga moja, wanakuambia "afya", mnacheka. Hawajui chafya ya kuanzia kupambazuka hadi jua kutua, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Mei. Macho yanawasha mpaka unatamani kuyatoa uyasuuze. Paa la kinywa linawasha na hakuna ukucha wa kulifikia. Kamasi jembamba kama maji linatiririka ukiwa umeinama, ukinyanyuka pua inaziba kabisa, na usiku unalala mdomo wazi. Ugali hauna ladha, maharage hayana ladha, maneno ya watu tu ndiyo yanabaki na ladha yake yote.

Kwetu Liuli sikuwahi kuumwa hivyo. Mimi ni Recho, mtoto wa watu wa ziwani, nimekulia kwenye mchanga, upepo unatoka majini na hauna kitu ndani yake zaidi ya harufu ya usipa walioanikwa. Othmar alinikuta pale alipokuja kununua samaki wa kupeleka mnadani, akanipandisha milimani, nikabadili kanisa na nikajifunza kunywa kahawa. Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni nyasi.

Huku, shamba la mteremko hulimwa kwa ngolo. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana mpaka mlima wote unakuwa miraba miraba. Zikishakauka, mwanamke anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika, panabaki shimo, na kwenye kingo zake unapanda maharage. Mwanaume anamaliza kufyeka kwa siku chache, anafuta panga, anakwenda zake kijiweni. Mwanamke anainama juu ya nyasi hizo wiki nzima nzima, uso wake shubiri moja kutoka kwenye mashuke yaliyochanua, na kila akipiga jembe unapanda unga mwembamba wa njano. Wenzangu walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa natokwa machozi, na Tadea alikuwa ananitazama.

Mwaka wa kwanza alisema ni uvivu. "Mtu wa ziwani ameumbwa kuvuta nyavu, jembe atalijulia wapi?" Mwaka wa pili, nikiwa na Gaudiosa wa miezi minane mgongoni, hakusema tena uvivu. Alianza kukaa mbali nami. Nikipiga chafya alikuwa anamvuta mtoto.

Nitasema haki yake, maana hata adui ana haki yake. Mumewe, mzee Mansuetus, alikuwa amekufa kwa kifua kikuu mwaka mmoja kabla sijaolewa. Mwaka mzima mzee yule alikuwa akisema ni mafua tu, na Tadea alimwamini, akanywa naye kikombe kimoja, mpaka siku alipotema damu kwenye sahani. Baada ya mazishi aliacha kula. Othmar aliniambia alikuwa anatafuna tonge moja hadi linakauka mdomoni. Kwa hiyo mimi niliposema "ni mafua tu, mama," sijui alisikia sauti ya nani. Wakati ule sikuyafikiria hayo. Nilikuwa namchukia, na chuki hiyo ilikuwa inanipa nguvu ya kuamka.

Siku ya tatu baada ya ngokela alitoa hukumu, amesimama mlangoni, kanga ameifunga kiunoni.

"Utapimwa makohozi. Mpaka majibu yatoke, mtoto analala kwangu. Wewe utalala jikoni."

"Ananyonya, mama."

"Atakunywa uji."

Nilimtazama Othmar. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mkono usioweza kuukata, ubusu, wahenga walisema, lakini mimi nilishindwa hata kuubusu. Nilikwenda Mbinga mjini kwenye kituo cha afya, nikatema kwenye kikopo, nikarudi nikahamia jikoni. Kitanda hakikutosha mle, wakanishindilia nyasi kwenye gunia, nyasi za mteremko ule ule, bado na mashuke yake. Asubuhi ya kwanza niliamka macho yamefumba kwa uvimbe. Nikapiga chafya nyingi hata nisizihesabu, na Tadea akasikia zote kutoka nyumba kubwa.

"Mnaona?" alimwambia mwanawe. "Inazidi."

Huruma nayo ilimwingia kidogo, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko ukali. Alichuma majani na maua ya mlimani, akayachemsha, akanifunika blanketi nijifukize. Nilitoka humo nimevimba midomo. Nguo zangu nilizifua kila siku ili zisiwe na ugonjwa, nikazianika juu ya majani kama watu wote, jioni nikazivaa. Nilijikamua maziwa asubuhi na kuyamwaga kwenye majivu, na kila wiki yakazidi kupungua. Gaudiosa nilimwona akipita mgongoni kwa bibi yake, amenenepa, ana kofia mpya. Mwanzoni alininyooshea mikono. Baadaye akaacha.

Kila Jumamosi Othmar alikuwa akienda mjini, na kila Jumamosi nilimsubiri njiani.

"Majibu bado, Mama Gaudi. Wanasema mashine ni mbovu."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Ndiye mtu pekee kwenye mlima ule aliyekuja kukaa nami jikoni, akala nami, akanicheka pua yangu nyekundu mpaka na mimi nikacheka. Wiki sita, wiki saba. Maziwa yalipokata kabisa sikumwambia mtu. Kesho yake nilidandia gari la mizigo, nikiwa na kanga moja na hasira, nikateremka mjini mwenyewe.

Mvua ilikuwa inanyesha Mbinga tangu alfajiri. Nilikaa kwenye benchi saa nzima nikisubiri. Mganga aliyeniita alikuwa kijana mpole aitwaye Florian, na alifungua daftari lake bila haraka.

"Majibu yako yalitoka tarehe kumi na sita Machi," alisema. "Yalichukuliwa siku hiyo hiyo. Hapa amesaini Othmar Ndunguru. Ni nani kwako?"

"Mume wangu."

Akaligeuza daftari nilione. Sahihi niliitambua kabla sijaisoma. Ndiyo ile iliyo kwenye cheti chetu cha ndoa, herufi ya kwanza kubwa kuliko haja. Siku hiyo nilipokaa mbele yake ilikuwa tarehe nane Mei. "Hakuna vijidudu," alisema Florian. "Huna kifua kikuu, mama, na hukuwa nacho." Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni na sikuwahi kulihitaji.

Akaniuliza nalala wapi. Nikamwambia, kwenye gunia la nyasi. Nguo naanika wapi? Kwenye majani. Kazi? Ngolo. Akaacha kuandika, akacheka, nami nikatamani kumzaba kofi.

"Tangu umekaa hapo nje umepiga chafya ngapi?" aliuliza.

Nilifikiri. Hata moja.

Akanieleza kwamba ni mzio. Maua ya nyasi yana unga wake, chavua, na mwili wangu unapigana nao kana kwamba ni adui. Mvua ikinyesha unga unalala chini. Wengine hupona wenyewe, wengi huzeeka nao. Alinipa vidonge vidogo vyeupe, akaniambia nifunge kitambaa chenye maji puani nikilima, nioge nikitoka shambani, nianike nguo kwenye kamba, na hilo gunia nilichome. Nilimwomba aniandikie yale majibu upya, kwa herufi zinazosomeka.

Sasa ni mwaka wa saba. Bado niko Mkumbi na bado napiga chafya. Nalima manyunyu yakianza, wengine wanapokimbilia ndani, na wapo wanaosema mke wa Othmar anacheza na mvua kwa sababu zake. Waseme. Nimejua kila nyasi ya mteremko ule na wiki yake ya kuchanua, ninazijua kama mtu anavyowajua wanaomdai. Tadea nimemsamehe, ingawa hajaniomba msamaha hata mara moja. Othmar ameniomba mara nyingi, kwa magoti, kwa vitenge, kwa padri. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nampikia, nalala naye kitanda kimoja, na akiniambia ametoka sokoni namwangalia viatu.

Siku ile niliyotoka kwa Florian nilifika nyumbani alasiri. Mvua ilikuwa imekatika. Tadea alikuwa amesimama kwenye kichanja akigeuza kahawa, mtoto mgongoni. Othmar alikuwa amechuchumaa karibu, anatia mafuta mashine ya kumenyea. Sikusema shikamoo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpita mkubwa bila salamu, nikampa Tadea karatasi mkononi.

Tadea alisoma shule ya masista. Alisoma karatasi ile kwa kidole, mstari baada ya mstari, midomo ikitembea. Alipofika kwenye tarehe akarudia kwa sauti.

"Tarehe kumi na sita mwezi wa tatu." Akamgeukia mwanawe. "Othmar. Uliniambia hayajatoka."

Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu yeye. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yalikuwa yake. Nilipoona uso wake nikajua kwamba hakujua.

"Mama, ulikuwa huli," alisema Othmar. "Tangu baba afe ulikuwa huli. Ulipolala na mtoto ukaanza kula."

"Na mimi?" nilimuuliza. "Mimi nilikuwa nakula nini?"

Alijibu akiiangalia mashine. "Nilisema nyasi zikikauka utapona. Halafu tungemrudisha taratibu, pasingekuwa na ugomvi."

Tadea aliweka karatasi juu ya kahawa mbichi. Akaanza kufungua fundo la kanga kifuani, nalo likamshinda mara mbili. Sikumsaidia. Alimshusha Gaudiosa, akamshika kidogo, harufu ya nywele zake akaivuta kwa nguvu, kisha akanipa.

"Atalia," alisema. "Ukinirudishia kwa sababu analia, sitakupa tena."

Alilia. Alijipinda mgongo kama samaki, akanikwaruza shavu, akanyoosha mikono yote miwili kwa bibi yake na kumwita kwa neno moja alilokuwa amelijua, na neno hilo lilikuwa mama. Nilimpita Othmar. Niliingia chumbani kwetu, nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa sakafuni naye. Nilimpa ziwa lisilo na kitu, akageuza uso. Nje nilimsikia Tadea akigeuza kahawa, anageuza, anageuza, hapumziki, wala hakuja mlangoni.

Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Mwishowe akalala kifuani kwangu, kwa kuchoka, si kwa kunipenda. Sikumlaza kitandani. Nilikaa naye hivyo hivyo mpaka mkono wangu ukafa ganzi.