Jozi Tatu za Kwenye Sinia

Haya kanihadithia mjukuu wangu Radhia, Ijumaa iliyopita, alipokuja Ibra kunitazama, tumekaa tunachambua tende. Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayesoma karatasi ya dawa.

Radhia kazi yake Nizwa ni kuhifadhi mbegu. Jozi, ile kokwa tamu ya ganda gumu, haiwekwi ghalani kama mtama. Ikikauka sana imekufa. Basi wao huipasua mbichi, wakatoa kile kiini kidogo kinachochipua, wakakitia kwenye mtungi wenye baridi kupita barafu. Humo kinakaa miaka, hakioti wala hakifi.

Huko juu jabalini kulikuwa na mjozi uliojiotea wenyewe, hakuna mwengine wa namna yake. Mwezi wa tisa wadi, maji ya mvua ya bondeni, ilishuka kwa nguvu ikaung'oa. Radhia akaokota jozi kumi na moja. Alifika Nizwa Alhamisi magharibi, kazini kumeshafungwa, akazifunga kwa kitambaa kibichi, akazitia friji ya nyumbani mpaka Jumapili, kazini kutakapofunguliwa.

Jumamosi akaenda sokoni. Huku nyuma mama mkwe wake, Bi Kaltham, akajiwa na wageni kutoka Bidbid, Soud na watu wake.

Radhia aliporudi, sinia la kahawa lilikuwa bado sebuleni, limejaa maganda.

"Mama, hizi jozi umezitoa wapi?"

"Frijini, mwanangu. Ulitaka niwape tende tupu, wanisimange mpaka Bidbid? Na tamu! Mke wa Soud kauliza tumenunua wapi."

"Hazinunuliwi, mama. Mti wake umeanguka. Zilikuwa hizo tu."

Bi Kaltham akakaa chini. "Wallahi sikujua. Mbona hukuniambia?"

"Sikukwambia," Radhia akasema.

Lakini huku kwetu mgeni mwenye adabu hamalizi sinia. Pembeni zilibaki jozi tatu hazijapasuliwa. Radhia akazifunga tena kitambaani.

Jumapili akazipasua. Moja ina mdudu. Mbili nzima. Akavitoa viini, vidogo kama punje za mchele, akavipunguza maji kidogo visipasuke kwa baridi, akavitia mtungini. Ukatoka moshi mweupe, akafunga. Akaandika juu ya mtungi jina la bonde ulikoota mjozi.

Alirudi baada ya adhuhuri. Bi Kaltham kakaa mlangoni, hajala.

"Zimefaa?"

"Mbili."

"Zitaota?"

"Hatujui, mama. Mpaka siku zitakapotolewa."

Bi Kaltham akampakulia wali, wakala kidogo. Kisha Bi Kaltham akaenda kujilaza, usingizi ukamchukua. Radhia akajinyoosha pale pale kwenye zulia, shungi bado kichwani, akalala.