Springi ya Wageni

Mgeni alikaa dakika saba. Springi ilining'inia miaka miwili.

Domitila ndiye aliyeitundika. Alikuwa mtunza maabara wa sekondari moja ya kata, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Bariadi mjini, na siku ulipotangazwa ugeni kutoka mkoani aliambiwa apange vifaa mezani vionekane vinafanya kazi. Akatoa mikromita, akatoa ammita, akafunga springi kwenye stendi na kuibebesha uzito wa kilo nzima. Mgeni akaitazama, akasema, "Safi sana," akaenda kula kuku. Vifaa vingine vikarudi kabatini, kufuli likarudi mlangoni, maana vilitunzwa kama vikombe vizuri vya nyumbani: wenye nyumba hawavinywei. Springi peke yake iliachwa na mzigo wake. Wageni wa siku hizi hawatoi taarifa.

Chuma nacho kina uvumilivu, na uvumilivu una mwisho. Ukikivuta kidogo, kitarudi kilikotoka. Ukikivuta kupita kikomo chake, hata ukikihurumia baadaye, hakirudi. Domitila aliyajua hayo; alikaa chuoni miaka miwili akiyasoma.

Mwaka huu Mwalimu Novatus wa fizikia akatoa amri: atakayeanguka jaribio la vitendo ataondolewa somo kabla majina ya kidato cha nne hayajapelekwa. "Sitashushiwa wastani na watu wa kusindikiza," alisema.

Kati ya wanafunzi kumi na wawili, aliyeitaka fizikia kwa moyo wote ni Minza, binti wa mfugaji mmoja wa Mwandoya, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake ili asome. Alitaka chuo cha umeme, na bila fizikia mlango ule haufunguki. Kila asubuhi alipomkuta Domitila akifagia maabara alipiga goti kama alivyolelewa kwao, akamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Domitila alikuwa akimwitikia kwa furaha ya mama.

Jaribio lenyewe lilikuwa la springi ile ile. Ondoa mzigo, pima urefu wake wa mwanzo, kisha ongeza uzito mmoja mmoja, uandike sindano imefika wapi kwenye rula. Wanafunzi kumi na mmoja walipima huku wakitazama dari. Majibu waliyarithi kwenye madaftari ya waliotangulia, ya tangu springi ikiwa mpya: sentimita tano, tano na nusu, sita. Zamu ya Minza ilipofika, alipiga goti mbele ya stendi mpaka jicho lake likawa sawa na sindano.

"We Minza, unasali?" Thomasi, aliyekwisha kupima, akamnong'oneza.

"Nasoma."

"Soma daftari, uache kusumbua chuma."

Kesho yake Mwalimu Novatus akaja na karatasi zilizosahihishwa. Domitila alikuwa pembeni akifuta chupa.

"Minza! Wenzako wote wanaanzia tano, wewe unaanzia nane na milimita mbili. Ulikuwa unapima springi au nyoka?"

Darasa likaangua kicheko.

"Springi ni hiyo hapo, mwalimu. Nilirudia mara tatu."

"Hii ni fizikia. Jieleze kwa Kiingereza."

Minza akaanza maneno mawili ya Kiingereza, akayatupa.

"Mwalimu, baba ana mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli. Ulifunga gunia la pamba msimu mzima bila kufunguliwa. Sasa haubani hata kuku. Na springi hii ni hivyo hivyo. Ilibebeshwa mzigo, ikasahauliwa."

Kitabu cha mwalimu kilikuwa na kurasa nne za jambo hilo, zote kwa Kiingereza, na hakuna hata moja iliyolisema vizuri namna ile.

Rula ilikuwa mezani, mkono ukinyooshwa unaifikia. Mwalimu Novatus hakuigusa. Alimgeukia Domitila.

"Dada Domitila, mwenye kabati ni wewe. Springi ni nzima au mbovu?"

Domitila akaliona daftari la vifaa kana kwamba liko wazi mbele yake. Kila muhula, mbele ya neno springi, mkono wake uliandika: nzima. Aliuona na mkataba wake, wa mwaka mmoja mmoja, unaongezwa mkuu wa shule akipenda. Nani angejibu kuhusu miaka miwili ya kilo nzima? Si mgeni. Si mkuu.

"Nzima, mwalimu," alisema.

"Umesikia? Haya, kachague somo lingine."

Minza hakulia. Alikunja karatasi yake taratibu, akafika mlangoni, akageuka.

"Mayu, si wewe uliyetufundisha kupiga goti, jicho na sindano viwe sawa?"

Akatoka.

Wanafunzi walipotawanyika, Domitila akaondoa mzigo, akapiga goti sakafuni, akasoma. Nane na milimita mbili. Akasoma tena, kana kwamba chuma kingemwonea haya na kurudi.

Mwalimu Novatus akachungulia dirishani. "Dada, usisahau kurudisha mzigo. Jumatano tuna ugeni."

Akaurudisha.

Jumatano mchana mgeni akaja, akaitazama springi inavyoning'inia. "Wa fizikia mnao wangapi?"

"Kumi na mmoja," Mwalimu Novatus akajibu, "na vitendo wamefaulu wote."

"Safi sana."

Walipokwenda kula, Domitila akabaki mlangoni pa maabara na ufunguo mkononi. Minza akapita na wenzake wapya, ramani ya jiografia imekunjwa kwapani. Domitila akangoja goti lile.

"Mwadila, mayu," Minza akasema, salamu ya mchana.

Maneno yalikuwa yale yale ya adabu. Lakini alikuwa amesimama wima, jicho lake sawa kabisa na jicho la Domitila, akimsoma.